Kutoka Kumtibu Mgonjwa hadi Kurekebisha Huduma: Historia ya Uzingatiaji wa Kiwewe katika Ustawi wa Jamii nchini Rwanda, 1994–2018

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna huduma za ustawi wa jamii nchini Rwanda zilivyojifunza kuzingatia kiwewe katika kipindi cha mwaka 1994 hadi 2018. Hoja kuu ni kwamba badiliko la msingi halikuletwa na ujio wa tiba mpya. Lililetwa na utambuzi, uliopatikana polepole na kwa gharama, kwamba taasisi zenye nia njema zinaweza kutonesha kidonda zinachokusudia kukiponya. Kwa kuchambua sheria, ripoti na tafiti zilizochapishwa, makala yanaonyesha hatua tatu: kumtazama manusura kama mgonjwa, kumtazama kama shahidi, na hatimaye kuitazama huduma yenyewe kama kitu kinachopaswa kuchunguzwa. Mwisho yanabainisha mipaka ya mafanikio hayo na funzo lake kwa wahudumu wa ustawi wa jamii katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, Watutsi wa Rwanda waliuawa kwa idadi ambayo Umoja wa Mataifa umekuwa ukiikadiria kuwa watu 800,000, na ambayo serikali ya Rwanda inaihesabu kuwa zaidi ya milioni moja. Wahutu waliopinga mauaji hayo waliuawa pamoja nao. Waliotekeleza mauaji hawakuwa wanajeshi na wanamgambo peke yao. Walikuwamo majirani, walimu, viongozi wa mitaa na hata baadhi ya watumishi wa kanisa na wa hospitali. Jambo hili la mwisho ndilo linaloipa historia ya ustawi wa jamii nchini humo uzito wa pekee. Manusura aliyehitaji msaada baada ya Julai 1994 alilazimika kuuomba katika ofisi, zahanati, shule na makanisa, yaani katika aina zile zile za taasisi ambamo watu wake walikuwa wamesalitiwa.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: Huduma za ustawi wa jamii zilijifunzaje kumhudumia mtu ambaye hofu yake inaihusu huduma yenyewe? Maandiko mengi kuhusu Rwanda yamejikita katika haki, maridhiano na siasa ya kumbukumbu. Yaliyohusu afya ya akili, kwa upande wake, yamejikita katika kupima ukubwa wa tatizo. Historia ya huduma zenyewe, namna zilivyopangwa, nani aliulizwa nini na mbele ya nani, imepewa nafasi ndogo. Makala haya yanajaribu kuiweka mbele.

2.0 Istilahi na Mkabala

Katika Kiswahili cha kawaida, neno kiwewe hudokeza hali ya kubabaika au kupumbaa kunakotokana na hofu ya ghafla. Katika taaluma neno hilo limepanuliwa libebe maana ya athari ya kudumu ya tukio linalozidi uwezo wa mtu wa kulihimili. Makala yanalitumia kwa maana hii ya pili. Neno kutonesha, ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analifahamu kwa habari ya kidonda kilichogongwa kabla hakijapona, linatumika hapa kwa maana ya kurudisha kiwewe kupitia jambo linalofanana na tukio la awali.

Msongo wa baada ya kiwewe uliingizwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Kwa miongo miwili iliyofuata, mkazo mkubwa ulikuwa juu ya utambuzi wa dalili na tiba yake. Mwaka 2001 Maxine Harris na Roger Fallot walihimiza mwelekeo tofauti: kwamba mfumo mzima wa huduma, kuanzia mapokezi hadi kanuni za ofisi, upangwe kwa kudhani kuwa yeyote anayeingia mlangoni anaweza kuwa amebeba kiwewe. Mwaka 2014 taasisi ya Marekani inayosimamia huduma za uraibu na afya ya akili, SAMHSA, iliuweka mwelekeo huo katika misingi sita: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa wenzao waliopitia hali kama yao, ushirikiano, uwezeshaji, sauti na hiari, pamoja na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia.

Kuna tofauti kati ya tiba ya kiwewe na huduma inayozingatia kiwewe. Tiba humshughulikia mtu na dalili zake. Huduma inayozingatia kiwewe huanza kwa kujichunguza yenyewe: foleni yake, hojaji yake, mlango wake na lugha yake. Historia ya Rwanda inaonyesha kuwa tofauti hii haikugunduliwa vitabuni peke yake. Sehemu kubwa ya misingi iliyoandikwa mwaka 2014 ilikuwa imekwisha kufanyiwa kazi vijijini, kwa majina mengine, miaka kadhaa kabla.

3.0 Ustawi wa Jamii Kabla ya Mwaka 1994

Chini ya utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi, kazi ya ustawi wa jamii ilifungamana na vituo vya kijamii vilivyowafundisha wanawake malezi, lishe, ushonaji na usafi wa nyumba. Kituo cha namna hiyo kilianza kazi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1946. Upande wa Rwanda, Shule ya Kijamii ya Karubanda mjini Butare iliwaandaa wasichana kwa kazi hizo katika ngazi ya sekondari. Mwelekeo huo uliendelea baada ya uhuru wa mwaka 1962: mhudumu wa ustawi alikuwa mwalimu wa maendeleo ya kaya kuliko msikilizaji wa majonzi.

Matatizo ya nafsi yalikuwa na sehemu nyingine. Familia, wazee, waganga wa jadi na viongozi wa dini ndio waliokuwa kimbilio la kwanza. Kwa hali zilizoshindikana ilikuwapo hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, iliyoendeshwa na watawa wa shirika la Ndugu wa Upendo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Mwezi Aprili 1994 Ndera yenyewe iligeuka uwanja wa mauaji. Wagonjwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa. Hivyo nchi ilipoingia katika kipindi chake cha uhitaji mkubwa kuliko vyote, hospitali yake ya magonjwa ya akili ilikuwa imevunjwa, na taaluma yake ya ustawi wa jamii haikuwa imewahi kuandaliwa kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

4.0 Manusura kama Mgonjwa: 1994–1998

Mwitikio wa kwanza ulitoka kwa mashirika ya kimataifa, na ulielekezwa kwa watoto. UNICEF kwa kushirikiana na serikali mpya iliendesha mpango wa kuwasaidia watoto walioathirika, na mwaka 1995 kituo cha kitaifa cha kiwewe kikafunguliwa Kigali. Maelfu ya walimu, walezi wa vituo vya watoto na viongozi wa dini walipewa mafunzo mafupi ya kutambua dalili na kuwasaidia watoto kueleza yaliyowapata kwa maneno, michoro na michezo.

Ukubwa wa jambo lenyewe ulidhihirishwa na utafiti uliofanyika takribani miezi 13 baada ya mauaji kuanza, ambapo watoto 3,030 wa umri wa miaka 8 hadi 19 walihojiwa. Atle Dyregrov na wenzake, waliochapisha matokeo mwaka 2000, walionyesha kuwa asilimia 90 ya watoto hao waliamini kuwa wangekufa, na kwamba asilimia 15 walikuwa wamejificha chini ya maiti ili wanusurike. Takwimu hizi ziliwafanya wafadhili na serikali wakubali kuwa jeraha la nafsi ni suala la sera ya umma. Huo ni mchango ambao haupaswi kudharauliwa.

Hata hivyo, mkabala huo ulikuwa na dhana mbili zilizohitaji kuhojiwa. Ya kwanza ni kwamba kusimulia tukio ni tiba kwa lenyewe. Mwaka 1999 Derek Summerfield alizikosoa programu za kiwewe katika maeneo ya vita kwa kuyageuza mateso ya jamii kuwa ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2002 mapitio ya majaribio ya tiba yaliyofanywa na Suzanna Rose na wenzake hayakupata ushahidi kuwa kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie mara tu baada ya tukio kinazuia msongo wa baadaye. Dhana ya pili ilikuwa kwamba istilahi ya kitabibu inatosha kueleza kilichotokea. Wanyarwanda wenyewe walikuwa tayari na maneno yao. Ihahamuka, neno ambalo mzizi wake unagusa mapafu na kukatika kwa pumzi, lilienea kwa kuelezea hali ya mtu anayeshikwa ghafla na hofu, kukosa hewa na kupiga kelele kana kwamba wauaji wamerudi. Athanase Hagengimana na Devon Hinton walichambua hali hiyo na kuonyesha kuwa inafungamana na imani kuhusu mwili, pumzi na roho za waliokufa bila kuzikwa. Baadaye neno ihungabana, lenye maana ya kutikiswa, ndilo lililotawala katika huduma rasmi.

Uteuzi wa neno ulikuwa na matokeo katika utendaji. Anayemwona mtu kama mgonjwa humpeleka hospitalini. Anayemwona kama aliyetikiswa huuliza ni nini kinachoendelea kumtikisa. Katika wiki za kumbukumbu za mwezi Aprili, watu walioshikwa na ihahamuka viwanjani walibebwa na kutolewa nje ya umati kama dharura ya kitabibu. Wachache walijiuliza iwapo namna kumbukumbu ilivyoandaliwa, kwa shuhuda ndefu, picha na vipaza sauti, ilikuwa sehemu ya kisababishi.

Sambamba na mpango huo, manusura walikuwa wakijipanga wenyewe. Mwezi Januari 1995 wajane wa mauaji ya kimbari waliunda chama cha AVEGA Agahozo, na mwaka huo huo likaanzishwa shirika mwavuli la Ibuka. Mwaka 1998 washauri wa kiwewe waliunda chama chao, ARCT-Ruhuka. Katika vyama hivi mjane alimhudumia mjane, na mazungumzo yalianza na paa linalovuja, karo ya mtoto au dawa. Msingi wa msaada wa wenzao waliopitia hali kama yao, ambao baadaye ungeandikwa katika miongozo, ulikuwa hapa tayari, umezaliwa na uhitaji.

5.0 Manusura kama Shahidi: Arusha na Gacaca

Hatua ya pili ilifunguliwa na haki ya jinai. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa kwa Azimio namba 955 la Baraza la Usalama la tarehe 8 Novemba 1994, na makao yake yakawa Arusha, Tanzania. Hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komini ya Taba, ilikuwa ya kwanza duniani kutamka kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Inafaa kukumbuka kwamba shtaka la ubakaji halikuwamo katika hati ya awali. Liliongezwa mwezi Juni 1997 baada ya mashahidi kuutaja ubakaji mahakamani. Sauti ya mwanamke aliyesikilizwa ilibadilisha sheria ya kimataifa.

Lakini mahakama hiyo hiyo ilionyesha upande wa pili. Tarehe 31 Oktoba 2001, katika kesi ya Butare, shahidi aliyekuwa akihojiwa na wakili wa utetezi kuhusu kubakwa kwake aliwaona majaji wakicheka. Mahakama ilieleza baadaye kuwa kicheko hicho kilihusu namna wakili alivyouliza maswali, si shahidi. Kwa mtazamo wa sheria huenda maelezo hayo yalitosha. Kwa mtazamo wa huduma hayakutosha, kwa kuwa kilichomtonesha shahidi hakikuwa nia ya majaji bali kile alichokiona akiwa amekaa peke yake mbele yao. Mwezi Januari 2002 Ibuka na AVEGA walisitisha ushirikiano na mahakama hiyo. Katika malalamiko ya mashirika ya manusura kulikuwa pia na jambo zito zaidi: washtakiwa waliokuwa kizuizini walipatiwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ilhali mashahidi wengi walioambukizwa kwa kubakwa hawakuzipata.

Ndani ya Rwanda, zaidi ya watuhumiwa 100,000 walikuwa wamejaa magerezani. Sheria ya mwaka 2001 ilianzisha mabaraza ya Gacaca, yaliyoitwa kwa jina la kikao cha jadi cha kutatua migogoro. Mahakimu wapatao 250,000, walioitwa inyangamugayo, walichaguliwa na wananchi. Majaribio yalianza mwaka 2002, shughuli zikaenea nchi nzima mwaka 2005, na mabaraza yakafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zipatazo milioni 1.9. Manusura walijua kwa mara ya kwanza mahali walipotupwa ndugu zao, na wengi waliweza kuwazika. Faida hiyo hakuna utafiti unaoweza kuipuuza.

Pamoja na hayo, Gacaca ilijengwa juu ya dhana kwamba ukweli ukisemwa hadharani huponya. Karen Brounéus aliichunguza dhana hii. Katika mahojiano na wanawake 16 waliotoa ushahidi, yaliyochapishwa mwaka 2008, alikuta vitisho kabla, wakati na baada ya kutoa ushahidi, upweke, na kurudi kwa dalili za kiwewe. Uchunguzi wake uliofuata, wa watu 1,200, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa waliotoa ushahidi katika Gacaca walikuwa na viwango vya juu zaidi vya sonona na msongo wa baada ya kiwewe kuliko wasiotoa, hata baada ya kuzingatia jinsia na ukubwa wa mateso waliyoyapitia.

Historia ya sheria ya ubakaji ndani ya Gacaca inaonyesha taasisi ikijaribu kujirekebisha. Sheria ya mwaka 2004 ilimruhusu mwathirika kutoa taarifa yake faraghani, kwa hakimu mmoja aliyemchagua, au kwa maandishi, au kwa polisi na waendesha mashtaka, na kesi hizo zilipangiwa mahakama za kawaida. Marekebisho ya mwaka 2008 yalizirudisha nyingi kati yake Gacaca, zisikilizwe kwa milango iliyofungwa. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2011, iliandika kuwa baadhi ya wanawake waliliona badiliko hilo kama usaliti, kwa sababu walikuwa wamekubali kushtaki kwa kutegemea faragha ya mahakama ya kawaida. Kijijini mlango uliofungwa hauzuii jirani kumwona aliyeingia. Kwa lugha ya misingi ya huduma, lililokiukwa hapa ni uwazi na hiari: masharti yalibadilishwa baada ya mtu kukwisha kuamua.

6.0 Kuitazama Huduma: Byumba na Baada Yake

Mwaka 2005, wakati Gacaca ikienea nchi nzima, dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, kaskazini mwa nchi, ilianza mpango wa tiba-jamii kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uholanzi, miongoni mwao Cora Dekker na mwanaanthropolojia Annemiek Richters. Byumba ilikuwa imeumizwa na zaidi ya tukio moja. Kabla ya mauaji ya kimbari ilikuwa uwanja wa vita vilivyoanza Oktoba 1990, na wakazi wake wengi walikuwa wameishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Wajane, wafungwa walioachiliwa, wake za wafungwa, waliorejea kutoka uhamishoni na wanawake waliobakwa waliishi kilima kimoja, wakichota maji katika chemchemi moja.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kikundi cha watu 10 hadi 15 kilikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15, kikiongozwa na wawezeshaji wawili waliotoka eneo hilo hilo. Safari ilipitia awamu sita: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, kanuni mpya za maisha na, mwisho kabisa, kumbukumbu. Mpangilio huu ndio unaoitofautisha na yaliyotangulia. Mpango wa miaka ya kwanza ulitanguliza simulizi. Gacaca iliidai kwa nguvu ya sheria. Tiba-jamii iliiweka mwisho, na haikumlazimisha yeyote kuifikia. Wiki za mwanzo zilitumika kujadili jinsi ya kukaa, nani azungumze, nini kifanyike mtu akilia, na siri ilindwe vipi. Mambo ambayo taasisi nyingine ziliyaona kuwa ya maandalizi tu, hapa yalihesabiwa kuwa kazi yenyewe. Baadaye mpango huo ulijulikana kwa jina la Kinyarwanda Mvura Nkuvure, yaani nitibu nami nikutibu.

Willem Scholte na wenzake walilinganisha washiriki 100 wa Byumba na watu 100 wasioshiriki. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa hali ya akili ya washiriki iliimarika zaidi. Kwa kuwa washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu, matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari. Umuhimu wake kwa historia hii ni kwamba yalitoa ushahidi kwamba vikundi vinavyoongozwa na watu wa kawaida, bila kliniki na bila kuchimba tukio, vinaweza kuwasaidia watu. Mwelekeo huo uliafikiana na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu msaada wa kisaikolojia na kijamii wakati wa dharura, iliyoweka mahitaji ya msingi, usalama, familia na jamii kama tabaka za chini zinazobeba huduma za kitaalamu zilizo juu.

Badiliko la pili lilitokea katika huduma za serikali. Mwaka 2009, kufuatia sheria ya mwaka 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia, kituo cha Isange kilifunguliwa katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, Kigali. Jina lenyewe ni ukaribisho: jisikie uko nyumbani. Kabla yake, aliyebakwa alikwenda polisi, hospitali, kwa mwendesha mashtaka na kwa mhudumu wa ustawi kwa safari tofauti, akisimulia upya kila mahali. Isange iliwaweka daktari, mwanasaikolojia, afisa wa polisi na msaada wa kisheria mahali pamoja, bila malipo. Vituo vya aina hiyo vilienezwa baadaye katika hospitali za wilaya. Ndani ya mpangilio huo hakuna tiba mpya hata moja. Kilichobadilika ni idadi ya mara ambazo mtu analazimika kulifungua jeraha lake mbele ya mgeni.

Badiliko la tatu liliwahusu watoto. Tathmini iliyofanyika mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilikuta watoto na vijana 3,323 wakiishi katika taasisi 33. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2012 uliazimia kuwarudisha katika familia, na kuanzia mwaka 2013 wahudumu wa ustawi wa jamii na wanasaikolojia 68 waliajiriwa kwa kazi hiyo. Kuwapanga watumishi wa taaluma hizo mbili katika kazi moja kulikuwa kukiri kwamba kumhamisha mtoto ni tukio la nafsi na pia la kiutawala: mtoto aliyewahi kutenganishwa na wazazi kwa ukatili anaweza kuupokea uhamisho wa ghafla kama utengano wa pili, hata kama anapelekwa mahali pema. Ngazi ya kijiji ilipewa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, mwanamume na mwanamke mmoja kwa kila kijiji, jumla yao 29,674 wakijitolea nchi nzima.

7.0 Mipaka

Historia hii isisomwe kama safari ya ushindi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta msongo wa baada ya kiwewe kwa asilimia 3.6 ya watu wote, lakini kwa asilimia 27.9 ya manusura; sonona kali ilikuwa asilimia 12 kwa watu wote na 35 kwa manusura. Miaka 24 haikuwa imetosha. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 61.7 ya watu walijua mahali pa kupata msaada, ilhali waliowahi kuutumia walikuwa asilimia 5.3. Umbali kati ya kujua na kwenda ndio eneo hasa la kazi ya huduma inayozingatia kiwewe, kwa maana mtu hupima kwanza kama mlango ni salama.

Mpaka wa pili unahusu nani anahesabiwa. Mfuko wa serikali wa kuwasaidia manusura wahitaji, FARG, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ulilipa karo, matibabu na makazi kwa watu wengi. Lakini msaada unaotolewa kwa kundi lililotajwa katika sheria una mstari wa kukata. Watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji wa mwaka 1994, ambao makadirio ya awali yaliwaweka kati ya 2,000 na 5,000, hawakuingia katika tafsiri ya manusura kwa kuwa walizaliwa baada ya mauaji. Mama alikuwa na haki ya kuhudumiwa. Mtoto aliyezaliwa na tukio lile lile hakuwa nayo kwa jina lake. Vivyo hivyo, majonzi ya waliofiwa vitani au katika kambi za nje ya nchi hayakupata urahisi wa kusemwa hadharani. Vikundi vya Byumba vilijaribu kuuvuka mstari huo kwa kutouliza mtu anatoka upande gani kabla ya kumpa kiti.

Mpaka wa tatu ni wahudumu wenyewe. Mshauri, hakimu wa Gacaca, mwezeshaji wa kikundi na rafiki wa familia walitoka katika jamii ile ile. Wengi walikuwa na wafu wao. Mfumo uliotegemea maelfu ya wanaojitolea uliweza kufika kila kijiji, lakini uliwaachia watu wasio na mshahara mzigo ambao hata wataalamu hawaubebi bila usimamizi. Huduma inayozingatia kiwewe cha mhudumiwa na kukisahau cha mhudumu haijakamilika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja kwamba uzingatiaji wa kiwewe nchini Rwanda ulikua kwa njia ya marekebisho ya taasisi. Hojaji ya mwaka 1995, kizimba cha Arusha, kikao cha Gacaca na uwanja wa kumbukumbu vyote vilikusudia mema, na vyote vilifundisha kuwa nia peke yake haimlindi anayehudumiwa. Kilichofanya tofauti ni maswali madogo ya mpangilio: nani anauliza, mara ngapi, mbele ya nani, na je, anayeulizwa anaweza kukataa bila kupoteza haki yake? Palipojibiwa maswali hayo, kama Byumba na Kacyiru, misingi iliyoandikwa Marekani mwaka 2014 ilikuwa imekwisha kupata umbo lake kwa Kinyarwanda.

Funzo hili linavuka mpaka. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24, na tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imekuwa ikipokea waliokimbia vita vya Kongo. Kila mmoja wao huanza maisha mapya kwa mahojiano ya usajili. Afisa anayeyaendesha anaweza kuwa hana kliniki wala dawa, lakini ana uamuzi juu ya meza yake imewekwa wapi, nani anasikia, na swali lipi lingoje hadi siku nyingine. Mitaala ya ustawi wa jamii Afrika Mashariki ingefaa kuuhesabu uamuzi huo kuwa sehemu ya taaluma, na utafiti ujao uanze kuupima pale unapofanyika, katika mapokezi ya ofisi za kawaida.